Maman Glody Hakimbii

Mumewe alimwambia mapema kwamba hakuna mtu atakayesoma Kiswahili cha Bukavu kwenye kompyuta. Benoît alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na mwalimu wa Kifaransa akishatoa hukumu juu ya lugha, nyumbani mwake hakuna rufaa. Godelive hakubishana naye. Alienda kazini kama kawaida, na mchana wenzake walipotoka kutafuta chakula akabaki mbele ya mashine ya ofisi, akafungua blogi. Akaiita Mbele ya Mlango, maana hapo mbele ya mlango ndipo wanawake wa mtaa wake wa Nyalukemba huketi jioni kuihukumu dunia nzima, bila malipo na bila kuombwa.

Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa sekretari wa shirika dogo la kupeleka maji vijijini, binti wa katekista wa Nyangezi, mama wa watoto wawili, Glody na Maombi. Kwa desturi ya mji, mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo hubaki kwenye karatasi tu. Mtaani aliitwa Maman Glody, na kwenye blogi alitia sahihi hivyo hivyo. Kujificha nyuma ya jina la kubuni hakukumjia akilini. Alikuwa anasema tu anachofikiri, kama jirani mwingine yeyote.

Na ya kusema alikuwa nayo, jamani. Aliandika juu ya watu wanaongoja mvua ndipo wamwage takataka mferejini, ili ziteremke ziwani zikawe shida ya samaki. Aliandika juu ya harusi ambazo kadi inasema saa nane na bwana harusi anaonekana giza limeingia, wageni wameshazeeka. Aliandika juu ya kanisa moja jipya lililofunga vipaza sauti juu ya paa na kuanza kumwamsha Mungu alfajiri, utafikiri Mungu ni mzee mwenye usingizi mzito. Siasa za wakubwa hakuzigusa. Alisema wakubwa wana redio yao.

Aliyemfanya ajulikane ni Élodie, msusi wa nywele mwenye saluni ya mbao chini ya barabara. Kila maandishi mapya yalipotoka, Élodie alienda kwenye siber, duka la intaneti, kuyachapisha, akarudi nayo saluni, akayasoma kwa sauti huku kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa. Hakuna aliyelalamika. Mwanamke mwenye nywele zilizosukwa upande mmoja haendi popote, kwa hiyo Maman Glody alikuwa na wasikilizaji waaminifu kuliko padri.

Msikilizaji mkali kuliko wote hakuja kusuka nywele. Huyo ni Agnès, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya Godelive. Shule hakuisoma. Alitua beseni lake la samaki mlangoni mwa saluni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kama vile mwandishi yuko mbele yake. Siku ya makala ya takataka alisema, "Mumuambie Maman Glody, juu ya harusi alisema kweli. Juu ya takataka, akuye kwanza atuonyeshe fasi ya kutupa." Élodie alifikisha ujumbe. Godelive alicheka, akaona Agnès ana haki, akayaweka maneno yale kwenye blogi pamoja na jina la mwenyewe. Tangu siku hiyo Agnès aliihesabu Mbele ya Mlango kuwa nusu yake.

Ikaja Novemba ya mwaka 2012. Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, na redioni wakasema safari yao haijaishia hapo, na Bukavu wataifikia.

Mtu wa Bukavu ana namna yake ya kupima hatari. Habari za redio huzisikiliza tu. Macho yake yako kwenye magodoro. Godoro likipita barabarani juu ya kichwa cha jirani, hakuna haja ya msemaji wa jeshi. La kwanza likipita, watu husimama milangoni. La pili likipita, wanawake huanza kuanua nguo kwenye kamba hata kama hazijakauka. Baada ya hapo haulizi mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mji huu umeumwa mara nyingi.

Godelive aliyaona magodoro yakianza kupita, akakasirika. Hakuwakasirikia waasi peke yao, aliyakasirikia na magodoro. Akaandika, tena haraka, kabla umeme haujakatika:

"Miye Maman Glody sikimbii. Mu 2004, wanajeshi wenye kuasi walipoingia mu muji, nilikimbia. Niliporudi nilikuta wameiba mpaka mulango. Wenye walibaki walilala chini ya kitanda, lakini walilala kwao. Sasa tunakimbia hata mbele ya kuona adui. Tunakimbia juu jirani amekimbia, na jirani amekimbia juu ametuona tunafunga mizigo. Basi mutu mumoja aanze kubaki. Miye nitabaki, na batoto yangu batabaki. Ukitaka kujua kama wakati ya kukimbia imefika, angalia ku mulango yangu."

Maneno matamu hayo, na aliyaamini. Élodie alipoyasoma saluni, mmoja akaomba yasomwe tena. Watu wa Bruxelles waliozaliwa Bukavu waliandika chini yake kwamba mama huyu ana moyo wa simba. Kutoka Bruxelles hata mimi ningeandika hivyo. Lakini Nyalukemba hawakuandika kitu. Walifanya walichoambiwa: walianza kuangalia mlango wake.

Godelive aliligundua hilo asubuhi iliyofuata. Alipotoka na ndoo, mapazia ng'ambo ya barabara yalitikisika. Alipotundika blanketi juani, mwanamke wa nyumba ya juu alishuka mbio kuuliza kama kuna habari. Jioni, Glody na Maombi walipotoka kucheza, alisikia mtu akisema, "Biko pale. Bote babili." Mizigo iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa. Mtaa mzima ulipika maharagi, na maharagi hayapikwi na mtu anayekimbia, maana yanachukua mchana mzima.

Agnès naye alibaki. Yeye alikuwa na sababu yake. Mwaka ule wa 2004 alikimbilia upande wa Nyangezi na kitoto mgongoni, wakalala nje kwenye baridi ya kiangazi, na kitoto kikashikwa na kifua. Alikizika kando ya shamba la watu ambao hata majina yao hakuyajua. Sasa alikuwa na watoto watatu wengine, na aliposikia kwamba kuna mtu mwenye akili anayesema kubaki kunafaa, alimshika mtu huyo kwa mikono miwili.

Siku chache za hivyo zikapita, habari zikawa mbaya zaidi. Jeshi lilirudi nyuma hadi Minova, na barabara ya Minova inateremka kuja Bukavu. Ofisini kwa Godelive mkubwa aliagiza kompyuta zifungwe kwenye maboksi. Christine, mdogo wake aliyeolewa Kamembe, upande wa Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, alipiga simu akilia, akimwambia awalete watoto, chumba kipo. Benoît alingoja simu ikatike, akasema pole pole, "Godelive, blogi yako haizuii bombe."

Godelive hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa ameshindwa. Aliogopa, basi. Aliogopa kama mama yeyote. Walikubaliana kwamba watoto wavuke na yeye abaki, ili angalau nusu ya aliyoandika iwe kweli. Mpaka wa karibu na mji ulikuwa umejaa wachuuzi wanaomfahamu. Kwa hiyo Benoît angewapitisha Mumosho, kwa shangazi yake mzee Nsimire, wapumzike kidogo hapo, kisha wateremke kuvuka huko chini mahali ambapo hakuna anayewajua. Begi moja tu. Nguo nzuri, wasionekane wakimbizi.

Wakatoka mapema. Agnès alikuwa mlangoni kwake anasugua beseni.

"Maman Glody, batoto banaenda wapi na nguo ya Paska?"

Mwanamke aliyeandika kurasa na kurasa za maoni alisimama pale mdomo wazi, kisha ukatoka uongo wa kwanza uliokuwa karibu.

"Ku kilio. Shangazi ya Papa Glody, ule wa Mumosho, ametutoka."

Agnès aliweka beseni chini. "Yee, Mungu wangu. Maman Nsimire? Pole sana, Maman Glody. Na weye hauendi?"

"Nitafuata kesho. Kazi."

Benoît alimtazama mkewe kwa macho ya mtu ambaye shangazi yake ameuzwa, akawashika watoto mikono, wakaenda.

Sasa, kuna uongo unaoweza kusema Bukavu, na kuna ambao huwezi. Sema umeumwa, watu watakuacha ulale. Sema umesafiri, hawatabisha hodi. Lakini ukisema umefiwa, hata kwa mtu mmoja, umeuita mtaa. Godelive alilijua hilo kuliko wengi, maana aliwahi kuliandika na kulisifu: kwamba mji huu hauna taa wala barabara, lakini hauna mtu anayelia peke yake. Woga ulimsahaulisha maneno yake mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata jioni.

Jua lilipoanza kuteremka walikuja. Agnès mbele na gunia la makaa kichwani, nyuma yake Élodie aliyefunga saluni, na nyuma yao wanawake wa shirika lao la kanisa na vitenge vya kilio viunoni, wamebeba unga, maharagi, sufuria kubwa, kuni. Walikuja na watoto wao, kwa kuwa siku hizo hakuna aliyemwacha mtoto nyuma hata akienda kisimani. Na walikuja na magodoro. Kilio bila godoro la kulalia hakiko. Waliopita barabarani waliona magodoro yanapanda, badala ya kukimbia yanaingia nyumbani kwa Maman Glody, wakatulia.

Hakuna aliyemwuliza kitu. Walisogeza viti vya sebuleni nje, wakatandika, wakamketisha Godelive chini, wakamfungua kitambaa kichwani. Moto ukawashwa uani. Kisha mwanamke mkubwa wa shirika akaanza rozari, na baada ya kila fungu wakamtaja marehemu: Bwana, umujalie Nsimire raha ya milele. Na mwanga wa milele umuangazie. Novemba ni mwezi wa kuwaombea wafu, kwa hiyo sauti zilikuwa na mazoezi. Godelive aliitikia pamoja nao. Alikuwa akimzika kwa sala mwanamke ambaye wakati huo huo pengine alikuwa anamenya ndizi, na jasho lilimtoka mpaka wenzake wakampepea.

Agnès aliketi ubavuni pake, bega kwa bega, kama inavyofaa. Alisema kwa sauti ndogo, "Jana dada yangu alipita na batoto yake. Alikuwa na fasi mu mutumbwi ya kuvuka. Akaniambia, Agnès, lete bako. Nikamuambia hapana. Maman Glody ameandika. Kama yeye anabaki na bake, na miye nabaki na bangu." Akamgusa goti. "Usifikiri uko peke yako mu hii mambo."

Godelive aliwatazama watoto watatu wa Agnès. Walikuwa uani, wamekaa kando ya moto, wakingoja maharagi. Mtumbwi ulikuwa umeshaenda.

Akasimama. Mfiwa hasimami hivyo katikati ya sala, na rozari ikakatika.

"Acheni kuomba," akasema. "Hakuna mutu amekufa."

Walimhurumia sana. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti. Hivyo ndivyo wafiwa wote husema, na kila mmoja pale alikuwa ameshawahi kuyasema kwa ajili ya mtu wake. Wakamshika, wakamketisha, wakamletea maji. "Kunywa, mama. Uchungu inakuyaka vile, halafu inapita."

"Munisikie. Maman Nsimire iko muzima."

"Iko muzima kwa Mungu," akajibu mwanamke mkubwa wa shirika, akarudi kwenye rozari.

Hapo Godelive alitoa simu, akatafuta namba ya marehemu, akapiga, akafungua sauti ili wote wasikie. Ililia na kulia. Kisha ikatoka sauti ya bibi kizee, nzima, ya hasira kidogo, ya mtu aliyekatizwa kazi ya jikoni.

"Allô? Ni nani? Ni weye Godelive? Usiwe na mashaka. Batoto bako walikula vizuri, na Benoît ameisha kubavusha. Saa hii biko kwa Christine." Akasikiliza. "Kwako kuna bantu bengi. Nani amekufa?"

"Hakuna, maman," akasema Godelive, akakata.

Alikuwa amekusudia kukiri kifo tu. Kuhusu mpaka alikuwa anajitengenezea maneno mengine, ya kupunguza. Mzee wa Mumosho alimwondolea kazi hiyo.

Kilichofuata hakikuwa kelele, na kelele angeipenda zaidi. Wanawake waliinuka mmoja mmoja. Makaa, unga na maharagi waliyaacha, kwa kuwa kilicholetwa kwenye kilio hakirudi na mwenyewe, hata kilio kikiwa cha uongo. Magodoro tu waliyachukua. Élodie alipita bila kumtazama. Agnès alikuwa wa mwisho. Aliwaita watoto wake, wakaja, mmoja bado ana kijiko.

"Maman Glody," akasema, "yale maneno uliandika, uliandika juu ya batoto ya nani?"

Agnès alingoja kama anavyongoja bei ikubaliwe, kisha akavuka barabara, akafunga mlango.

Asubuhi kukagongwa. Ni Agnès tena. Watoto wake watatu walikuwa wameogeshwa, wamevaa walivyokuwa navyo, na kila mmoja ana kifurushi.

"Weye uko na karatasi ya mupaka, na dada yako iko na chumba," akasema. "Miye sina vyote viwili. Bako alibavusha baba yao na ukasema banaenda ku kilio. Bangu utabavusha weye, kwa barabara kubwa, muchana. Na mutu akikuuliza, utamuambia kweli."

Godelive alivaa viatu, akambeba mdogo mgongoni, akawashika wawili mikono, wakatoka. Mtaa wote ulikuwa milangoni. Hakuwa ametembea hatua nyingi mwanamke wa nyumba ya juu akauliza, kwa upole, kama vile hajui, "Maman Glody, munaenda wapi?"

"Tunakimbia," akasema Godelive.

Aliulizwa tena kwenye kona, na kwenye bomba la maji, na mbele ya saluni. Kila mara alijibu hivyo hivyo, neno moja, kwa sauti inayosikika, na uso unawaka. Nyuma yake milango ilifunguka na kufungwa. Wengine walianza kufunga mizigo. Wengine walirudi kupika. Kila nyumba ilijiamulia yenyewe. Jioni alirudi peke yake, akaketi mbele ya mlango wake mahali pa wazi, akiwa na uchovu wa miguu na aibu ya kweli, na hakuna aliyekuja kuketi naye.

Bukavu haikuanguka mwaka ule. Waasi walitoka Goma baada ya siku chache, mambo yakazungumzwa mbali huko na watu waliovaa suti, na watoto wote watano wakarudi kutoka kwa Christine wamenenepa. Shangazi Nsimire aliposikia kwamba aliombewa raha ya milele na shirika zima, alisema asiambiwe tena, lakini alitaka kujua maharagi yalikuwa kiasi gani. Benoît alikaa muda mrefu bila kuitaja blogi.

Godelive aliandika yote. Aliacha maneno ya kwanza pale pale, hakufuta hata moja, na chini yake akaandika siku watoto wake walipovuka, na kilio alichokizua, na nani alibaki kwa sababu yake. Watu wa Bruxelles walisema anajidhulumu, yeye ni mama, nani asingefanya vile. Yeye hakuwaandikia wale. Aliichapisha makala hiyo mwenyewe, akaipeleka saluni, akamwekea Élodie juu ya kiti, akaondoka.

Élodie aliisoma, mwishowe. Ilichukua majuma. Mtaa ukaanza kumsalimia tena, na akaendelea kuandika: juu ya barabara, juu ya mitihani, juu ya mapadri wanaohubiri mpaka maharagi yanaungua. Agnès naye alirudi kusikiliza, beseni miguuni, na akajibu kwa ukali ule ule. Ila sasa, kila Élodie anapokunjua karatasi, Agnès humzuia kwanza kwa mkono.

"Batoto ya Maman Glody biko wapi leo?"

Mtu huchungulia nje, kuelekea uwanja.

"Glody iko pale, anacheza mupira. Mudogo wake naye namuona."

"Haya," husema Agnès. "Soma."